Somo linapogusa jeraha: jinsi ya kumsaidia manusura wa ukatili darasani

Kipindi cha fasihi, Kidato cha Tatu. Wanafunzi hamsini na kitu, vitabu ishirini, watatu watatu wanachungulia nakala moja. Mwalimu anawasomesha kwa kufuata safu, na zamu inamfikia binti mmoja kwenye ukurasa ambao mhusika anavamiwa usiku akitoka kuchota maji. Anasoma mistari miwili, sauti inakwama. Macho yako kwenye kitabu lakini hasomi. Nyuma wanaanza kucheka. Mwalimu anauliza, "Vipi, hukunywa chai leo?" na darasa zima linaangua kicheko.

Mwalimu huyo hakukusudia ubaya wowote. Hakujua kuwa binti huyo aliwahi kubakwa, na pengine hatakiwi kujua. Anachotakiwa kuwa nacho ni utaratibu ambao ungemlinda mtoto huyo hata bila siri yake kufunguliwa.

Tusianze kwa kulaumu vitabu. Waandishi wetu huandika kuhusu ubakaji, ukeketaji, ndoa za kulazimishwa, vita na vifo vya wazazi kwa sababu mambo hayo yapo na wanataka yakomeshwe. Tena fasihi si somo pekee lenye hatari hii. Biolojia ya Kidato cha Tatu, Kenya na Tanzania, ina mada ya uzazi. Historia hufika kwenye vita na mauaji, na mwanafunzi aliyekimbia vita Kivu, mashariki mwa Kongo, akasomea kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, husikiliza mada hizo tofauti kabisa na jirani yake wa dawati. Hata kichwa cha insha kama "Siku nisiyoisahau" ni mtego. Mwalimu anatarajia harusi au ajali ya baiskeli, kumbe kuna mtoto ambaye siku yake ni moja tu na haandikiki.

Mwili hukumbuka kabla ya akili

Kumbukumbu ya tukio la kawaida hukaa kama hadithi: ina mwanzo, ina mwisho, na mwenyewe anajua imepita. Kumbukumbu ya tukio la kutisha mno mara nyingi hukaa vipande vipande: harufu ya mafuta ya taa, mlio wa komeo, neno lililosemwa, uzito wa mkono begani. Kipande kimoja kikiguswa, sehemu ya ubongo inayopiga king'ora cha hatari, iitwayo amigdala, huwaka kana kwamba hatari iko mlangoni sasa hivi. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri na kupanga maneno, inalegea. Ndiyo maana swali la "una nini?" halijibiwi. Si kiburi. Kwa dakika hizo maneno hayapo.

Kipande kinachowasha king'ora hicho tukiite kichochezi. Watu wazima hukosea hapa kwa kudhani kuwa kichochezi ni mada. Wakati mwingine ndivyo, lakini mara nyingi ni kitu kidogo kilichoambatana na mada. Binti anaweza kusoma riwaya nzima yenye ubakaji bila shida, kisha akashindwa kwenye aya inayotaja mvua juu ya bati. Mvulana aliyepigwa na baba wa kambo anaweza kuvumilia mada ya ukatili wa majumbani na kuvurugika mwalimu anapovua mkanda kuurekebisha. Tumetaja wavulana kwa makusudi. Nao hufanyiwa ukatili, wa kingono pia, na kwa kuwa hakuna anayewatarajia kuwa na jeraha hilo, dalili zao huandikwa kwenye daftari la adhabu.

Dalili zenyewe ni rahisi kuzipotosha. Wapo wanaoganda: anatazama ukuta, hasikii jina lake, na baadaye hakumbuki kilichofundishwa. Wapo wanaokimbia: kila kipindi cha fasihi anaomba kwenda chooni. Wapo wanaopambana: anamtusi jirani, anatupa kitabu. Na wapo wanaocheka kuliko wote. Anayetaka kubaini aweke mahudhurio kando ya azimio la kazi, yaani ratiba ya mada za muhula. Mtoto anayekosa Jumanne na Alhamisi tu, tangu kitabu fulani kilipoanza, anakueleza jambo ingawa hajafungua mdomo.

Onyo peke yake halitoshi

Ushauri unaosikika sana ni kuwaonya wanafunzi kabla ya mada nzito. Tafiti zilizopima maonyo ya aina hiyo zimeonyesha kuwa, kwa ujumla, onyo halimpunguzii mtu maumivu anapoikuta mada. Linachoongeza ni wasiwasi wa kuisubiri. Si ajabu. Ukimwambia mtu kuna nyoka mbele kisha ukamlazimisha apite njia ile ile, gizani, bila fimbo, umemwongezea hofu tu.

Dawa iko kwenye uwezo wa kuchagua. Ukatili, wa namna yoyote, ni tukio ambalo mtu alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake na saa yake. Somo linalomjia ghafla, asiloweza kulikwepa wala kulisimamisha, linarudia hali ile ile kwa udogo. Kwa hiyo taarifa ya mapema ina faida ikiambatana na mamlaka halisi: kuchagua atasoma lini, wapi, na nani, kwa sauti au kimya, na atatoka vipi akizidiwa.

Kosa la upande wa pili ni kumwondoa kabisa. Mwalimu mwenye huruma anasema, "Wewe usiwe unakuja vipindi hivi, nenda maktaba." Wiki ya kwanza mtoto anapata nafuu. Wiki ya nne hofu imekua, kwa sababu kukwepa huufundisha ubongo kwamba kitabu kile kweli ni hatari. Wenzake wameanza kuuliza kwa nini yeye hayupo. Na mtihani uko pale pale.

Mpango, wiki mbili kabla

Mpango mzuri hutengenezwa na mtu mzima mmoja ambaye mwanafunzi mwenyewe anamwamini: mwalimu wa ushauri nasaha, mwalimu wa darasa, matroni, wakati mwingine mwalimu wa michezo. Cheo si hoja. Wiki mbili kabla ya ukurasa wenye shida kufikiwa zinatosha. Mapema zaidi ya hapo anabaki na kitu cha kuogopa muhula mzima. Siku moja kabla, hakuna nafasi ya kupanga.

Mazungumzo yawe ya dakika kumi au kumi na tano, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, kwa mfano benchi la nje ya ofisi. Mlango uliofungwa na mtu mzima ndani, kwa manusura wengi, ni kichochezi tosha. Usimuulize kilichotokea. Huhitaji kukijua ili kumsaidia, na kumtaka asimulie tena kwa mtu asiye na mafunzo kunaweza kumvuruga. Anza namna hii: "Wiki ya tarehe 14 tutafika sura ya tano. Ina tukio la msichana kushambuliwa. Wanafunzi wengine huiona ngumu. Ningependa tupange pamoja utakavyoisoma. Hulazimiki kuniambia sababu yoyote." Kisha nyamaza. Kimya kirefu hapa si tatizo.

Mweleze kilichomo bila kukipaka rangi: ukurasa wa ngapi hadi wa ngapi, tukio lina urefu gani, linaishaje, mhalifu anashtakiwa au la. Kujua mwisho husaidia kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hapo mpe machaguo mawili au matatu, si saba. Mtu mwenye hofu hachagui vizuri kwenye orodha ndefu. Anaweza kuisoma sura mchana, siku mbili kabla, akiwa na mtu anayemwamini, ili ya darasani isiwe mara ya kwanza. Anaweza kusoma muhtasari wa kurasa zile tatu na kusoma kitabu kilichobaki chote. Anaweza kubaki darasani wakati wa uchambuzi na kutoka wakati wa kusoma kwa sauti. Jambo moja lisiwe la kuchagua: haitwi kusoma ukurasa ule mbele ya wenzake, na haigizi sehemu ya mhusika yule. Na usimpe kuusoma usiku kabla ya kulala, hasa bwenini.

Kisha kuna kadi ya kutoka. Ni kipande cha karatasi ngumu anachokiweka pembeni mwa dawati; akizidiwa anakichukua na kutoka bila kuomba ruhusa mbele ya watu. Wazo ni jepesi, lakini shuleni kwetu hufeli kwa sababu moja inayojirudia: anafika ukumbini na kukutana na mwalimu wa zamu au kiranja anayeuliza, "Unatoroka kwenda wapi?" Kwa hiyo kadi iwe na sahihi ya makamu mkuu wa shule, walimu wa zamu wajue kuwa wenye kadi hiyo hawahojiwi, na iandikwe anakwenda wapi hasa. Si "nje." Ni kwa matroni, au maktaba kwa mtu fulani, ambaye kwa saa zile yupo kweli. Wekeni dakika kumi, kisha anarudi au mtu anakwenda kumwangalia. Mtoto mwenye kumbukumbu mbaya kuachwa peke yake chooni nusu saa si usalama. Kama shule inaweza, kadi za namna hiyo wapewe pia wenye pumu, kifafa na selimundu, ili kuwa nayo kusimtangaze mtu.

Nani aambiwe nini

Mwalimu wa somo anahitaji sentensi moja: "Mwanafunzi huyu ana mpango ulioidhinishwa, asiitwe kusoma sura ya tano, na akitoka na kadi mwache." Basi. Kisa chenyewe hakijadiliwi ofisini wakati wa chai, wala kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu uvujaji wa siri huumiza kuliko kitabu chochote. Mtoto aliyegundua kuwa walimu wote wanajua hatamwamini mtu mzima mwingine shuleni hapo.

Lakini usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Ikiwa katika mazungumzo amefichua ukatili, sheria inakugusa. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 humpa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali ya mtaa haki ya mtoto inapovunjwa. Kenya, waraka wa Tume ya Huduma za Walimu, Na. 3 wa 2010, unamtaka mwalimu mwenye taarifa za unyanyasaji wa kingono dhidi ya mwanafunzi azifikishe ndani ya saa 24. Kwa hiyo mwambie mapema: "Ukiniambia jambo linaloonyesha uko hatarini, nitalazimika kumwambia mtu anayeweza kukulinda, na wewe utajua kabla sijamwambia." Kama tukio ni la juzi, saa zinahesabika: dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Usipoteze siku ukisubiri kikao cha shule. Namba 116 ya msaada kwa watoto inapigwa bure Kenya na Tanzania, na kwa Tanzania kuna pia vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako manusura hupata matibabu, ushauri na polisi mahali pamoja, na madawati ya jinsia na watoto ya polisi.

Siku yenyewe

Kinachoumiza zaidi kwenye kipindi cha fasihi mara nyingi si maneno ya mwandishi, ni maneno ya darasa. Swali la mjadala kama "Je, mhusika alijitakia?" humfanya manusura akae dakika arobaini akisikiliza wenzake wakipiga kura juu ya kosa lake. Hata "Eleza makosa ya mhusika huyu," likihusu aliyebakwa, lina sumu hiyo hiyo. Geuza swali: mwandishi anaonyeshaje jinsi jamii ilivyomwangusha? Mhalifu analindwa na nani? Ametumia mbinu gani kuonyesha woga? Uchambuzi haupungui kina. Na anapojitokeza wa kusema "lakini kwa nini alitoka usiku?" usilipitie juu juu. Jibu bila hasira kwamba kutoka usiku si kosa, kuvamia ndiko kosa, kisha endelea. Mtoto mmoja humo ndani atakuwa amelisubiri jibu hilo kwa miaka.

Jana yake, waambie darasa zima kwa nusu dakika: kesho tunasoma sura yenye tukio la ukatili, hatutacheka wala kutaniana nalo, na anayeiona ngumu anione. Sema kwa sauti ya kawaida, ile ile unayotangazia jaribio, na usimwangalie mtu.

Akiganda, fanya machache. Lipe darasa kazi ya kuandika ili macho yaondoke kwake. Sogea kwa upande, si kwa nyuma, inama hadi usawa wa macho yake, usimshike. Mwite jina, mwambie: "Ni mimi mwalimu wako. Leo Jumanne, tuko darasani, hakuna anayekudhuru." Mwombe akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili na akutajie vitu vitano anavyoviona. Maji baridi ya kushika mikononi husaidia. Usimwambie "vuta pumzi kwa nguvu": kupumua haraka na kwa kina huleta kizunguzungu na ganzi vidoleni, naye atadhani anakufa. Kinachotuliza ni kutoa pumzi polepole. Avute kwa hesabu ya nne, atoe kwa hesabu ya sita, mara tano au sita. Wala asifumbe macho, kwani akiyafumba, kile anachokikimbia ndicho atakachokiona.

Na likija la mapepo? Shule nyingi, binti akianguka au kutetemeka, wenzake huanza kukemea kwa sauti huku wamemshika mikono na miguu. Imani ya mtu tunaiheshimu. Hata hivyo, kwa aliyewahi kushikwa kwa nguvu, kushikwa na kundi linalopiga kelele ni kurudishwa kwenye tukio lenyewe. Watu watawanywe kwanza, abaki mtu mmoja mtulivu. Anayetaka kuombewa, na aombewe baadaye kwa ridhaa yake. Kama ni mara ya kwanza kuanguka, apelekwe zahanati, maana kifafa na sukari kushuka vinaweza kufanana na haya.

Kabla siku haijaisha, yule mtu mzima wake amtafute kwa dakika tano. Swali ni "nini kilisaidia, tubadilishe nini?" Asimchambue hisia. Shirika la Afya Duniani limekwisha kushauri dhidi ya kikao cha kumrudisha mtu kwenye tukio hatua kwa hatua mara tu baada ya mshtuko. Matroni au mzazi ajue kuwa usiku huo ndoto mbaya zinaweza kuja, na taa ya ukumbini isizimwe.

Mtihani

Hapa Kenya na Tanzania zinatofautiana. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, karatasi ya fasihi ya Kiswahili, 102/3, ina maswali manne ya kujibu, alama 20 kila moja. Swali la kwanza ni la lazima, na utanzu wake (riwaya, tamthilia, ushairi na kadhalika) hubadilika. Mwanafunzi hawezi kukiacha kitabu kimoja akiomba kisitokee. Tanzania, mtihani wa Kidato cha Nne kwa miaka mingi umekuwa na vitabu vitatu kwa kila utanzu huku swali likitaka viwili. Mwanafunzi aliweza kukiacha kimoja bila hasara, mradi hivyo viwili avijue vizuri. Mtaala umekuwa ukibadilika, kwa hiyo hakikisha orodha ya mwaka wake mwenyewe.

Asiyeweza kukiepuka kitabu akiendee kwa ngazi. Wiki ya kwanza, notisi za maudhui na wahusika. Ya pili, sura zote isipokuwa ile. Ya tatu, sura ile kwa muhtasari, kisha mwanzo wake na mwisho wake. Ya nne, ukurasa wenyewe, mchana, na mtu kando yake. Akikwama arudi ngazi moja, si zote. Baadaye aandike majibu ya majaribio kwa muda wa mtihani, kwa sababu chumba cha mtihani hakina kadi. Ngazi hizi ni za kukizoea kitabu. Kuisimulia kumbukumbu yake mwenyewe ni kazi ya mtu aliyefunzwa tiba, na tiba ipo: utafiti uliochapishwa 2020, uliofanyika Moshi na Bungoma kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, uliitoa tiba hiyo kupitia washauri wasio wanasaikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Nafuu ilionekana zaidi, na ikadumu zaidi, upande wa Kenya. Mpeleke kwenye huduma hiyo haraka ikiwa ndoto, kukwepa na kushtuka vimezidi mwezi, na siku hiyo hiyo akitaja kujidhuru au kutotaka kuishi.

Mzazi au mlezi

Huna haja ya kuieleza shule yaliyompata mtoto. Mwanzoni mwa muhula omba orodha ya vitabu na azimio la kazi, visome mwenyewe, weka alama kurasa. Kisha kaa na mtoto kwanza, kabla ya mwalimu. Mpango uliofanywa nyuma ya mgongo wake ni uamuzi mwingine alionyang'anywa. Barua kwa shule iwe fupi: mwanangu hupata mshtuko anapokutana na matukio ya aina hii, ninaomba asisomeshwe kwa sauti kurasa hizi, awe na ruhusa ya kutoka, mtu wa kuwasiliana naye ni mimi. Taja pia tarehe nzito bila kueleza sababu: siku tukio lilipotokea, siku za kesi mahakamani. Wiki ya kutoa ushahidi, hata hesabu humshinda mtoto, na mwalimu wa hesabu asiyejua atamwita mvivu.

Naye akikuambia ameisoma sura ile yote peke yake na ameielewa, muulize alimwonaje mhusika.